Adui Wetu wa Kila Sikukuu

Mpendwa Baba,

Sijalia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kila shangazi ananiuliza kwa macho. Nilikutambua mochari, nikakuchagulia suti, nikasimama kaburini, na hata tone moja halikutoka. Mama anasema ni mshtuko. Jirani wa orofa ya juu anasema nina moyo wa jiwe, tena alisema nikiwa papo hapo kwenye ngazi, ananipita na jerikeni yake. Basi nakuandikia mbele ya watu wote, wasome mara moja, waniache.

Halafu wewe nawe ulinizoesha vibaya. Miaka yote nimekupiga picha ukifa.

Kila sikukuu ya taifa, kwenye uwanja ule nyuma ya maghorofa ya mtaa wetu wa Huruma, kikundi chenu kiliigiza vita vya uhuru. Vijana wote walitaka kuwa wapiganaji wa msituni, na akala zao za matairi kutoka soko la Kariokor na bunduki za mbao. Mkoloni hakuna aliyemtaka. Siku ya kwanza mlibishana mpaka jua likawa utosini, ndipo wewe, fundi mzima wa kiwanda cha mtaa wa Baba Dogo, ukasema, "Leteni huo unga." Ukajipaka uso mzima unga wa chapati. Tangu hapo cheo kikawa chako.

Ulikuwa mkoloni mbovu, Baba, lazima niseme. Ulifoka Kiingereza chenye lafudhi ya ziwani, na jasho likageuza unga kuwa donge kwenye masharubu. Na kufa ulikuwa unachelewa! Unapigwa risasi, unayumba, unahutubia, unayumba tena. Vijana walipiga kelele, "Mzae, dedi basi, jua ni kali!" Mimi nimepiga magoti na kamera yangu, tumbo linaniuma kwa kicheko. Kesho yake ukienda dukani kununua maziwa, watoto wa ploti wanatimua mbio: "Mkoloni! Mkoloni!" Nawe unawafuata ukidai kile kitambulisho cha enzi za ukoloni: "Kipande yako iko wapi?" Mama alinuna wiki nzima. Mzee wa kanisa, anaitwa mkoloni!

Kwa hiyo waliponifunulia shuka pale mochari, niliangalia taa kwanza. Nikaona inapiga kutoka upande mbaya. Ndivyo nilivyowaza, Baba. Hilo tu.

Tulipokufikisha nyumbani kijijini kwa mazishi, Baba Mdogo akataka tero buru, ile desturi yetu ya wanaume kukimbia na mikuki na ng'ombe wakifukuza kifo kutoka bomani. Mama akakataa kabisa. "Mume wangu alikuwa mtu wa kanisa. Hakuna kukimbizana na mashetani hapa."

"Shemeji," Baba Mdogo akamjibu polepole, "hata mtu wa kanisa amekufa. Kilichomuua bado kiko hapa. Tukiache kilale nasi?"

Mama akaingia ndani, akafunga mlango. Baba Mdogo akanigeukia. "Wewe si ndiye wa picha za vita? Haya, piga."

Nikapiga. Vumbi, pembe, ngao, wajomba wenye vitambi wakikimbia kama vijana. Wale wenzako wa Huruma waliokuja na basi nao wakajitosa na bunduki zao za mbao. Kelele zilinipita tu, kama redio ya jirani. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Na katika kazi hii, ukishampiga picha anayeshambulia, unageuza kamera upande wa pili umpige anayeshambuliwa, la sivyo picha haina vita. Nikageuza.

Hapakuwa na mtu. Mahindi tu, yamekauka, na kinjia kinachoshuka mtoni. Mikuki ilikuwa inarushwa huko, watu wazima wanatukana huko kwa hasira ya kweli, na hakuna aliyesimama huko kuyumba wala kufoka. Nilipiga hiyo picha mara nyingi. Sijui nilikuwa namngoja nani.

Kisha wanaume wakarudi wakicheka, wakanawa, wakaomba chakula.

Unajua baada ya vita vyetu tulikuwa tunafanya nini. Unainama kwenye bomba la ploti, mimi nakumiminia maji kwa kikombe. Unga unashuka na uso wako unarudi kidogo kidogo, kwanza paji, kisha pua, kisha yale masharubu. Unafungua macho unaniuliza kama kuna chai. Huo uso sina picha yake hata moja, maana mikono yangu ilikuwa imeshika kikombe.

Mle bomani, wenzako wakiwa foleni kwenye ndoo, nilijikuta nimechota maji. Nimesimama na kikombe kimejaa, nawatazama mmoja mmoja wakiinua nyuso zao safi. Wakaisha wote. Nikabaki nimekishika.

Msalimie Nyanya huko.

Ni mimi,
kifungua mimba wako.