Sufuria Yetu Haiingii, Hamisi

Hamisi,

Lile gari ulilokuwa unalisubiri limetoka. Ni baya. Nakwambia moja kwa moja kwa sababu hapa hakuna anayetaka kuniamini, na wewe uliyekuwa ukinitetea umejiondokea zako.

Ni ile SUV ndogo ya kifahari uliyosema wakishaisuka upya tu, ni ya Zuhura. Mkeo ameishika kauli hiyo tangu tulipokuzika. Alikuja kwangu na funguo za gari lenu, ambalo ni toleo la zamani la hilohilo, kabla hawajaliharibu, akaniambia, "Shemeji, nenda kalijaribu, halafu nalitoa hili nachukua jipya. Alishaniahidi." Mjane mwenye ahadi mkononi unamjibu nini?

Nikaenda Maplewood, kwenye duka la magari ulilozoea. Ilikuwa baridi ile ya kugandisha pua. Nikavaa glavu kama ulivyonifundisha. Wenzetu kwenye kundi la WhatsApp walikuwa wakikucheka, mtu mzima unapima gari la kifahari na glavu mkononi na sufuria ya pilau kwenye buti, lakini hakuna aliyenunua gari kabla ya kusikia sauti uliyorekodi ukalituma kundini maoni yako. "Ku-review gari bila sufuria ni umbea," ulikuwa unasema. Sisi huku ughaibuni hatumalizi mwezi bila harusi, maulidi au msiba, na sufuria kubwa ya jumuiya siku zote ilikuwa inalala kwako.

Sasa sikia walichofanya. Wameng'oa batani. Zote, Hamisi. Hata ile ya kuzungusha ya hita, uliyoweza kuishika gizani, haipo. Kila kitu wamekitia ndani ya skrini kubwa kama televisheni ya sebuleni. Niko barabara kuu ya 494, kioo cha mbele kinaanza ukungu, natafuta hita kwa kidole chenye glavu, skrini hainijui. Nikaivua glavu kwa meno. Muuzaji, pembeni yangu, ananionyesha taa za ndani zinavyobadilika rangi kama ukumbi wa harusi. Nilitaka kumshusha hapohapo. Haki yake gari silinyimi: limetulia barabarani, injini haisikiki, viti vinashika mgongo vizuri. Lakini paa wameliinamisha nyuma ili lipendeze kwenye picha.

Nikatuma sauti kwenye kundi, nikasema halifai. Wakanishukia. Mmoja akadai nina kijicho, sitaki mjane apande gari zuri. Zuhura naye akanipigia. "Hata wewe, shemeji, unamvunjia marehemu ahadi yake?" Nilikata simu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe nilipoitazama vizuri, haikuwa ya gari wala ya kundi. Ilikuwa yako.

Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba taa ya dashibodi ikiwaka hubishani nayo. Ulimkaripia Mzee Juma mbele ya watu wazima wenzake kwa kuibandika plasta taa ya injini asiione. Halafu kifua kinakubana wewe, jasho linakutoka kwenye baridi, Zuhura anakubembeleza mwende hospitali, unamjibu, "Gesi hiyo." Sisi wote na gesi yetu. Ukanywa chai ya tangawizi ukaenda zamu kazini Shakopee, ukaanguka kwenye maegesho kabla hata hujafunga mlango wa gari. Nimekukasirikia, Hamisi. Nakukasirikia mpaka kwenye swala. Mdomo wa kutangaza kasoro za magari ya watu ulikuwa nao, wa kusema kifua kinaniuma ukakushinda.

Jumamosi Zuhura akaniita dukani. Nilimkuta amekwisha fika, na sufuria amekuja nayo, ileile iliyopikia pilau ya arobaini yako. Muuzaji akamfungulia buti. Akaisukuma sufuria wima, paa likaikataa. Akailaza, mlango ukagoma kufunga. Akaigeuza tena, na tena, mpaka mtandio ukamwanguka mabegani. Nilitaka kusaidia, akanizuia kwa jicho tu. Mwisho akaitoa, akaibeba peke yake mpaka kwenye gari lenu la zamani, ikaingia. Akafunga buti, akaliinamia akalia, mbele ya muuzaji na wapita njia. "Angelikataa," aliniambia. "Hamisi mwenyewe angelikataa hili." Funguo za zamani akazirudisha kwenye mkoba wake.

Basi gari lako linabaki. Matairi ya theluji nitakuwa nayabadilisha mimi, sauti kwenye kundi nitaendelea kutuma, na sufuria nitaibeba popote itakapohitajika. Mungu akurehemu, rafiki yangu, akulaze pema. Hasira sijamaliza na sitakudanganya kwamba nimemaliza.

Na hili nakuahidi wewe kwanza, Zuhura bado sijamwambia. Jumatatu nakwenda Saint Louis Park kumwona daktari. Kifua kimekuwa kikinibana tangu msiba wako, na kila aliyeniuliza nimemjibu ni gesi.

Ni mimi,
Salehe