Koti Bado Liko Kitini

Shoga yangu Mwanaidi,

Nakuandikia nikiwa Darajani, kwenye duka wanakonakili kanda za video. Yule bwana mkubwa aliyetufungia mchezo wetu wa televisheni nimemwacha barazani kwangu, ananisubiri. Usicheke bado. Acha nikueleze.

Tangu tukuzike nina hasira ambayo hata sala haijaishusha. Daktari alisema presha. Mimi najua presha yako ilianza siku ile ulipoitwa ofisini kwake ukaambiwa mchezo basi, na kwamba mwanamke mzima kujichora masharubu ya masizi ni kuutia mji aibu. Aibu! Aibu ilikuwa yake. Kila asubuhi alikuwa akitundika koti kwenye kiti chake cha ofisini, aonekane yupo, kisha huyoo, anakwenda zake. Wewe ukamwigiza, mimi nikawa mama mwenye shida, nimeketi naongea na koti. Unakumbuka siku ya kwanza kurikodi, sharubu moja likayeyuka kwa jasho, nawe ukaendelea tu? "Kaa hapo, nnakuja. Koti lipo."

Maneno yako yakaingia mjini kama maji. Mteja akiulizia samaki hapa sokoni, muuzaji aliyeishiwa humjibu koti lipo. Wanawake wakaulizana habari za waume: yupo, au koti lipo? Makarani wakaogopa kuyavua makoti, wakashinda nayo mwilini na joto lote lile. Ndipo akatufungia, akazichukua na kanda zetu zote, akasema zimechakaa, zinatupwa. Ulinililia, "Hata moja, shoga? Wajukuu wangu wasinione?" Swali hilo natembea nalo mpaka leo.

Sasa sikia. Hakuzitupa. Bahili yule moja alimpa mpiga video, arikodi juu ya mchezo wetu harusi ya bintiye. Juzi wanawake tulikusanyika kwa Bi Rukia, mama wa bwana harusi, kuitazama hiyo harusi. Tukamtazama bibi harusi, tukatazama ngoma, tukapiga vigelegele upya. Harusi ikaisha, picha ikachafuka, watu wakainuka kutafuta viatu vyao. Halafu ukatokea wewe. Na sharubu lako moja. Ukatundika koti, ukanigeukia, ukasema maneno yako, ukatoka.

Mwanaidi, nilipiga ukelele. Nililia mpaka nikashikwa. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini, na aliyecheka kuliko wote ni Bi Rukia, ambaye zamani aliketishwa mbele ya koti lile la ofisini akitafuta ruhusa ya kujenga. Akaichomoa kanda, akanitia mkononi. "Chukua, hii yako. Mie harusi nshaiona."

Habari zikamfika. Leo asubuhi kaja mwenyewe, kastaafu sasa, na bakora mkononi, anataka kanda ya mwanawe. "Bi Asha, yaliyopita yamepita." Yamepita kwa nani? Wewe uko Mwanakwerekwe chini ya udongo. Nikamkaribisha vizuri, nikamwekea kiti barazani, panapopita watu wote. Nikaleta kiti cha pili. Nikaingia ndani, nikalitoa koti lako la mchezo, lile la kijivu lililoliwa na nondo begani, nikalitundika mbele yake. Uso ulimbadilika. Nikamwambia chai iko motoni, maana anajua mwenyewe kuwa mgeni haondoki kabla ya kuonja kitu. "Kaa hapo, nnakuja." Nikatokea mlango wa uani, kanda ndani ya buibui.

Nilipokata kona, majirani walishaanza kusogea, wengine hawawezi hata kumwamkia kwa kicheko. Sikumwonea huruma hata kidogo. Mungu atanisamehe baadaye.

Lala salama, shoga yangu. Nakala ya kwanza ni ya wajukuu wako, nitawapelekea kwa mkono wangu. Ya pili ni yake, kwa sababu kanda aliyoiomba ataipata: harusi nzima ya bintiye, na wewe mwishoni. Nakuahidi, kila atakapotaka kumwona mwanawe akiolewa, atakuona na wewe.

Mwenye duka ananiuliza kama nina haraka. Nimemwambia sina. Chai yenyewe sijaibandika.

Wako, Asha