Hapo ni pa Mama

Mdogo wangu mpenzi,

Sote wazima, ila paa bado linavuja. Shemeji yangu, huyo mumeo, nimemvulia kofia! Tangu uende huko kazini, akitoka gereji na grisi yake mikononi, anawafundisha wanao muziki sebuleni. Sufuria ndiyo ngoma, na kitindamimba wako hakosei pigo. Kila mmoja ana mstari wake. Wakifika mstari mmoja wote hunyamaza, kisha huendelea. Jana nikadhani wameusahau, nikauimba mimi.

Sufuria ikatulia. Kitindamimba akanikazia macho: "Mama mkubwa, hapo ni pa mama."

Baba yao akainama kidogo, akasema, "Haya, tuanze upya."

Safari hii nilinyamaza nao.

Ni mimi dada yako, yule asiyejua kufunga mdomo.