Mtoto Wangu Anaitwa Were

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, nepi hazikauki, na hasira niliyorudi nayo nyumbani bado haijanitoka.

Leo nimegombana na wifi yangu Beatrice mbele za watu, kwenye ofisi ya kusajili watoto huko mjini.

Kisa ni jina. Wiki yake ya kwanza mwanangu alilia mchana kutwa na kukataa titi. Mama mkwe akaja hapa Kangemi, akampakata, akaanza kumtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja, jinsi tufanyavyo sisi Waluhya. Barasa, akalia. Wanyama, akazidi. Were, akanyamaza, akanyonya mpaka akasinzia. Were alikuwa baba mkwe wangu. Kwangu mimi, mjadala ulifungwa hapo.

Kwa Beatrice haukufungwa. Yeye ni wa Loresho siku hizi, mtaa wa matajiri, wanawe wanaongea Kiingereza hata na mbwa.

"Lynn, hiyo ni jina ama ni grammar?" aliniambia kwenye foleni. "Mwalimu akiandika 'were' kwa ubao, class yote itamwangalia. Andika Jayden. Hiyo ingine mtamwita nayo kwa nyumba."

Najua Waingereza wana neno linaloandikwa hivyo hivyo. Lao na letu hayajuani, hata hayatamkwi sawa. Mbona letu ndilo lihame?

Nakiri, niliyumba. Kazini kwangu Hurlingham najiita Lynn tu. Nanjala, jina langu la Kiluhya, nimelificha miaka sita kwa kuogopa kuchekwa. Kalamu ilikuwa imeshaandika J.

Halafu nikafikiri: huyu anamwonea aibu baba yake mzazi.

Nikaomba fomu nyingine. Nikaandika WERE kwa herufi kubwa. Karani akalisoma kwa Kizungu, nikamrekebisha kwa sauti iliyofika mlangoni: "Ni We-re. Ni ya babu yake, na binti ya huyo babu ndiye huyu amesimama hapa."

Foleni nzima ikamgeukia Beatrice. Akaondoka bila kuniaga.

Haikuwa adabu, najua. Pengine nimempoteza wifi, na mume wangu akirudi kutoka kazini nitakuwa na mengi ya kueleza.

Sijutii.

Mtoto amelala. Nimemwita jina lake polepole, mara tatu, hata hakushtuka. Atakayetaka kumcheka aanze na mimi.