Kijiti Chini ya Tundu

Bredäng, Jumamosi, 7 Februari

Baba Neema,

Leo baridi ni ile kavu, ya kuuma ndani ya pua. Jua limechungulia kidogo, kisha likaaga. Naandika nikiwa nimesimama. Nikikaa, nainuka tena. Nimefungua friji bila njaa, nikaifunga, nikaifungua. Tangu tukuzike vuli iliyopita, nyumba hii hainipi pa kutulia, ingawa viti ni vilevile.

Ndiyo maana bado naenda na kile kikundi chako cha mazingira. Tunaokota takataka kando ya ziwa, tunawawekea ndege mbegu. Ila siku zote nimekuwa nikichagua njia ya chini, ya ufukweni, ili nisiupite ule msonobari wenye kijumba chako cha ndege.

Leo sikuweza kuukwepa.

Ilikuwa siku ya kusafisha vijumba vya ndege, kutoa viota vya mwaka jana kabla hawajaanza kutafuta makazi upya. Chako kilikuwa cha mwisho. Mzee Lennart, yule mstaafu anayetuongoza, alikitazama kisha akavua kofia, na baridi yote ile. Nikajua ana neno. Akaniambia kwa Kiswidi cha polepole, kile anachonitunzia mimi tu, kwamba kijiti ulichokichomeka chini ya tundu hakifai. Ndege wale wadogo hawakihitaji, huingia moja kwa moja. Anayekihitaji ni kunguru wa huku, mweusi kwa mweupe, mwenye mkia mrefu. Hutua pale akasubiri makinda watoe vichwa. Mwaka jana alimwona kwa macho yake.

Akasema nichague. Tukikate kijiti, au nikishushe kijumba kizima nikakiweke nyumbani kama kumbukumbu, nao watatundika kingine.

Nakumbuka ulivyokitengeneza. Mwiko wangu wa ugali ulikuwa umevunjika, ukaukata mpini pale pale kwenye meza ya jikoni. Neema akakucheka kwa Kiswidi chake, akisema ndege ana mabawa, ngazi ya nini? Ukamjibu kwamba mgeni haingii nyumba ya watu kama upepo. Lazima apate pa kusimama, abishe hodi.

Nilipowasimulia wenzangu, Mama Njeri wa Hallunda alicheka mpaka akajishikiza kwenye mti.

"Huyo alikuwa Mtanzania kamili. Hata ndege lazima apige hodi."

"Nyinyi Wakenya mngemwekea geti na soja," nikamwambia.

"Na hiyo kunguru haingepita, dada yangu."

Papa Bosco, Mkongomani wetu, alikuwa ameikumbatia ngazi. "Bamama, mucheke mbio. Miguu yangu iko inageuka barafu."

Nikacheka nao. Halafu kicheko kikaniishia mdomoni, maana wote walikuwa wananisubiri mimi.

Nilitaka kukichukua kijumba. Nilishakiona juu ya kabati la televisheni, pasipo ndege wala kunguru, mimi nikikifuta vumbi kila Jumamosi. Kisha nikawaza wale makinda wakitoa vichwa kuomba chakula, na yule aliyesimama mlangoni kwao akiwa amekanyaga mpini wa mwiko wangu. Wewe uliyekuwa ukimtoa buibui nje kwa kikombe, hata wakati wa theluji, ukirudi unauliza kama atapata joto.

Usingelala.

Nikaomba msumeno. Mzee Lennart alitaka kupanda yeye, nikakataa. "Panda polepole, Mama Neema," alisema Papa Bosco. "Mti iko inateleza." Nikafungua kifuniko, nikatoa kiota cha zamani. Majani laini yale yanayoota juu ya mawe, manyoya ya mbwa wa mtu, kitu chepesi hata mkono haukuhisi uzito. Kisha nikaanza kukata. Msumeno ukakwama. Mwiko ule niliutoa nyumbani Moshi, na mti wa kwetu si laini kama wa huku. Nikakaza, nikapumzika, nikakaza tena, machozi yakinigandia kwenye kope.

Kilipokatika kikaanguka, kikazama kwenye theluji. Tukainama sote kukitafuta, hata Mzee Lennart na lile goti lake. Mama Njeri ndiye aliyekiona. Akakifuta kwa skafu yake, akanipa mkononi. Safari hii hakutania.

Tulikunywa chai ya tangawizi kwenye chupa yangu, tukiwa tumesimama. Walinisemesha, nikawajibu, sikumbuki nini.

Tangu nirudi sijui pa kukiweka. Nimekiweka dirishani, nikakitoa. Nimekiweka kwenye droo pamoja na miiko mingine, nikaona kama nakiadhibu, nikakitoa. Neema amepita jikoni akakitazama kiganjani mwangu, akanisugua bega, akaenda chumbani kwake. Sasa kiko mfukoni mwa sweta yako, hii niliyoivaa, na kila nikigeuka chumbani kinanigonga ubavuni.

Nimekusaidia, au nimekubomolea? Kijumba kimebaki na alama ya duara chini ya tundu, nyeupe, mbichi. Itakuwa nyeusi kama mbao nyingine, nadhani. Kesho baada ya ibada nitapita njia ya juu nikaitazame.

Masika wataingia bila hodi, Baba Neema. Uwasamehe. Nami nisiyejua kukaa humu bila wewe, huko uliko, unikumbuke.