Chupa Niliyompelekea Mzee Gilbert

Ardsgeir,
Jumanne, mwezi wa Mei

Baba yangu mpendwa,

Niruhusu nitangulize hoja, kisha salamu zifuate, maana wewe mwenyewe huna subira na mtu anayezungukazunguka: chupa nzuri ya wiski ya zawadi si lazima iwe na wiski nzuri ndani yake. Ninasema zaidi. Chupa niliyompelekea Mzee Gilbert ndiyo chupa iliyochaguliwa vizuri kuliko zote zilizopata kutoka katika nyumba yetu, na ninakusudia kulithibitisha hilo kabla sijatia sahihi.

Sasa, shikamoo, Baba. Nyonga inaendeleaje? Dada yangu Effie amenieleza kwamba daktari amekuruhusu kutembea hadi dirishani na kurudi, na kwamba umekwisha kugombana na mgonjwa wa kitanda cha pili juu ya namna halali ya kuchemsha viazi. Niliposikia hilo nikatulia, nikajua unapona. Huku mimi ni mzima, kuku wako ni wazima, na paa la banda limeustahimili upepo wa juma lililopita ingawa la jirani limehamia shambani kwa mtu mwingine. Mjomba Hector anakusalimu na anakuonya usiturudie kutoka hospitalini na lafudhi ya Glasgow.

Ninaandika kwa sababu ya maneno uliyoyatamka baa siku moja kabla hujapanda feri. Sikuwapo, lakini kisiwa hiki kina masikio mengi kuliko kondoo, na kabla sijamaliza chai yangu ya asubuhi nilikuwa nimekwisha kuletewa maneno hayo na watu wawili, kila mmoja akiapa kwamba anayaleta kwa masikitiko. Ulisema mbele ya watu wote: “Mwanangu amesoma kila kitu duniani isipokuwa uso wa mtu.” Ukasema nimeiharibu posa yangu kwa kiburi cha vitabu. Kwa kuwa ulinihukumu hadharani, ninayo haki ya kujitetea, na utetezi wangu ndio huu.

Kumbuka jinsi uchaguzi wenyewe ulivyokwenda. Bi Marsali wa dukani alinisimamisha mbele ya rafu zake mchana kutwa, akininadia chupa yenye tarakimu kubwa kifuani. “Miaka ishirini na mitano, Coll! Hata mkwe wa mfalme asingeikataa hii.” Nilimjibu kwamba umri unaoandikwa pale unatueleza tu muda ambao kinywaji kimekaa ndani ya pipa, wala hautuelezi kilikuwa kikifanya nini humo; kuna watu wamekaa chuo kikuu miaka saba na wakatoka kama walivyoingia. Akaniambia nikiendelea hivyo nitaoa kamusi. Mjomba Hector naye, ambaye alikuwa amekubali kuwa mshenga wangu, alishauri ninunue yoyote ile mradi iwe na sanduku zuri, kwa sababu wiski itakwisha na sanduku litabaki la kutunzia misumari. Nawe, Baba, ulinishauri nichukue chupa ya Kilbrannoch ya miaka kumi na miwili, kutoka kiwanda cha ng’ambo ya ghuba, ambacho maisha yangu yote nimekusikia ukikitukana. “Inanyweka vizuri,” ulisema. “Haimuudhi mtu.”

Ushauri huo ulinishangaza, nami nikakupinga. Nilisema kwamba zawadi isiyoweza kumuudhi mtu haiwezi kumgusa mtu pia. Mzee Gilbert alitumia ujana wake wote akisimamia mitungi ya shaba ya kuchemshia wiski katika kiwanda chetu cha Ardsgeir, hadi siku milango ilipofungwa, wakati mimi na binti yake Bethag tulikuwa bado tunatambaa. Ni zawadi gani ingemfaa mtu wa namna hiyo kama si kazi ya mikono yake mwenyewe? Na kabatini mwako mlikuwa na chupa tatu za msimu wa mwisho wa Ardsgeir, zenye lakiri nyekundu, ambazo hakuna aliyepata kuzifungua. Nilikuomba moja. Ulikataa. Nikakuomba tena, kwa hoja bora zaidi. Ulisema, “Hizi ni za kutazamwa, Coll.” Nilikuita bahili, neno ambalo siliombei radhi kwa sasa, kwa sababu bado tunajadiliana. Mwishowe ulifungua kabati, ukanipa chupa bila kunitazama, ukatoka kwenda kuwaona kuku.

Yaliyotokea Jumamosi ile unayajua kwa kusimuliwa. Niyaseme kama mtu aliyekuwapo. Tuliketi sebuleni kwao, moto umewashwa, mkewe Mama Una ametandika kitambaa cheupe na kuleta jibini na biskuti za shayiri. Mjomba Hector alianza kwa utaratibu wa wazee, akidai kwamba tumepita tu njiani tukimtafuta kondoo jike mdogo aliyepotea, na kwamba tumesikia nyumba hii inaye mmoja mwenye tabia njema. Bethag, akiwa jikoni, aliuliza kwa sauti kama huyo kondoo ataulizwa maoni yake. Watu wakacheka. Ndipo nikaiweka chupa mezani.

Mzee Gilbert aliacha kucheka. Aliichukua, akaigeuza mbele ya mwanga wa dirisha, akaisoma karatasi yake kama mtu anayesoma jina juu ya kaburi. Akanishukuru kwa adabu kubwa. Kisha akainuka, akaipeleka chupa kwenye kabati la vioo, akaiweka kati ya vyombo vya harusi vya Mama Una na kikombe alichoshinda mbwa wao, akafunga mlango. Aliporudi kukaa alimuuliza Mjomba Hector bei ya kondoo imesimamaje bara.

Desturi yetu haina utata. Baba akiifungua chupa ya mposaji, ametoa binti. Akiiacha na kizibo chake, mposaji anachukua kofia na kuondoka. Tulichukua kofia. Tulipofika darajani Mjomba akasema tu, “Bora tungeleta sanduku tupu.”

Kuanzia Jumatatu nilikuwa kichekesho. Vijana wa kwenye gati walinipigia kelele: “Msomi! Kabati limekubali? Harusi lini?” Bi Marsali aliniuliza kwa upole wenye sumu kama ninahitaji chupa nyingine. Hayo niliyastahimili. Sikuyastahimili ya Bethag. Alinieleza kwa utulivu kwamba ananipenda na kwamba hana mpango wa kumpenda mtu mwingine, lakini hataolewa huku baba yake akitazama chini. Alisema tangu siku ile mzee hali chakula vizuri na kwamba hulipita kabati lile kwa upande, kama mtu anayempita mbwa mkali. “Kuna kitu umempelekea, Coll,” alisema, “na si wiski peke yake. Nenda kamuulize. Ila umuulize, usimhutubie.”

Ilikuwa siku hiyohiyo, Baba, ulipoyasema yale ya kwako baa.

Nilimfuata Mzee Gilbert kinamasini Alhamisi, alikokuwa peke yake akikata udongo unaokaushwa na kuchomwa kama kuni. Nilianza kumsaidia bila kuombwa. Yeye alikata, mimi nikapanga vipande juu ya nyasi vikauke, safu baada ya safu. Kisha nikashindwa kujizuia. Nilianza kueleza nasaba yangu, elimu yangu, matarajio yangu ya kupata kazi ya ualimu kabla ya majira ya baridi, na kasoro za kimantiki za desturi inayompima mtu kwa kizibo. Alinisikiliza hadi nilipovuta pumzi. “Kijana,” alisema, “unapumua saa ngapi?” Nikamuuliza waziwazi basi kasoro yangu ni ipi. Akachomeka jembe lake, akakaa juu ya mkoba wake, akanimiminia chai kutoka kwenye themosi yake.

“Kasoro si yako,” alisema. “Imo ndani ya chupa.”

Nitakuandikia alivyoniambia, bila kupamba. Msimu ule wa mwisho wamiliki walitaka wiski nyingi na upesi. Mitungi iliendeshwa mbio, moto mkali, na pombe ya mwanzo na ya mwisho, ambayo hutupwa, hawakuitupa. Mapipa yaliyoletwa yalikuwa yamechoka, hayakuwa na ladha ya kuipa pombe. Yeye ndiye aliyeshika valvu. Alijua kwa pua yake kila asubuhi kwamba kinachotoka hakifai, na hakusema, kwa sababu nyumba aliyolala ilikuwa ya kampuni na Bethag alikuwa na miezi michache. Kiwanda kilipofungwa, watu walilaumu bara, wakalaumu kodi, wakalaumu ushindani. Hakuna aliyemlaumu yeye. Kisha mambo yakageuka yakawa mabaya zaidi kwake: chupa za msimu ule zikawa tunu. Watu wakaziweka kabatini, wakazionyesha kwa wageni, wakasema dunia haitapata tena wiski kama ile. “Kijiji kizima kinamlilia marehemu,” alisema, “na mimi nimo matangani, ninakula keki, na ndimi niliyemwekea sumu.” Wala hakukataa kunipa binti. Alichoshindwa ni kuifungua chupa ile mezani, mimi nionje, nimsifu kwa uongo, na yeye aseme asante.

Nilimuuliza kwa nini hakulisema hilo kwa mtu hata mmoja. Alijibu kwamba mtu pekee ambaye angeweza kumwambia ni wewe, Baba, kwa kuwa mlifanya kazi pamoja, wewe ukikausha kimea na yeye akiwa kwenye mitungi. “Lakini baba yako anaipenda ile wiski,” alisema. “Anayo fahari nayo. Ningemnyang’anyaje?” Ndiyo maana, alisema, tangu kiwanda kifungwe ninyi wawili mnazungumza habari za mvua tu.

Nilimwomba tuifungue. Nilimwahidi jambo moja: kwamba sitasema uongo. Alicheka, akasema hilo analiamini, kwa kuwa hajapata kunisikia nikikubaliana na mtu.

Jioni hiyo tulikusanyika: yeye, Mama Una, Bethag, Mjomba Hector na mimi. Alivunja lakiri kwa kisu cha mezani. Alitumiminia sote, akakaa, akanitazama mimi peke yangu. Nilinusa. Nikanywa. Nikaweka glasi chini na kusema, kwa heshima zote, kwamba ilikuwa na harufu ya kiberiti na buti la mvua, na kwamba baada ya kumeza ilibaki mdomoni ladha ya maji yaliyochemshiwa kabichi. Mjomba Hector, aliyekuwa amejiandaa kusifu, alifunga mdomo. Mama Una alinusa ya kwake akasema, “Gilbert, tangu Jumamosi umenikataza kufuta vumbi kabatini kwa ajili ya hii?”

Basi mzee akacheka, Baba. Alicheka hadi akashika ukingo wa meza, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, na Bethag akainuka akamshika mabega. Alipopata sauti alichukua kizibo, akakitupa motoni kama inavyotakiwa, maana chupa ya posa ikifunguliwa haifungwi tena, sharti imalizwe. Mama Una akatangaza kwamba sheria ni sheria lakini tumbo ni lake. Wanaume watatu tuliimaliza ile chupa, kila glasi mbaya kuliko iliyotangulia, na sijapata kukaa kwenye meza yenye furaha kama ile. Alipotusindikiza mlangoni Mzee Gilbert aliniambia niende nikamtafute mchungaji, tupange tarehe.

Huo ndio uthibitisho wangu. Ningeleta Kilbrannoch ya miaka kumi na miwili, ingefunguliwa, ingesifiwa, tungezungumza habari za kondoo, ningepewa binti kwa adabu, na mtu huyu angeendelea kuibeba siri yake hadi kufa. Chupa nzuri ya zawadi ni ile ambayo mpokeaji hawezi kuipokea kwa adabu tu.

Limebaki jambo moja, nami sijui namna ya kulisema ila kulisema. Niliporudi nyumbani nilisimama mbele ya kabati lako, penye zile mbili zilizobaki. Nikakumbuka kwamba hujapata kuonja hata tone mbele yangu. Nikakumbuka ulivyonisukumia wiski ya maadui zetu, na ulivyonipa chupa bila kunitazama. Mkausha kimea ana pua pia, Baba. Nilidhani unamnyima Mzee Gilbert. Sasa ninadhani ulikuwa unamlinda, kama yeye alivyokuwa akikulinda wewe, na kwamba wazee wawili mmezungumza habari za mvua tangu utoto wangu, kila mmoja akitunza fahari ambayo mwenzake hakuwa nayo. Nilimwomba mzee ruhusa ya kukuandikia haya. Akasema niandike, ila kwa heshima. Nimejitahidi.

Harusi ni Jumamosi ya mwisho ya Agosti, katika ukumbi wa kijiji, na daktari amemhakikishia Effie kwamba utakuwa umetupa mkongojo. Usinijibu kwa barua, wala usimtume Effie kwa simu. Ulinena mbele ya watu. Jibu mbele ya watu. Nitaleta chupa moja kati ya zile mbili na kuiweka mezani kwako. Ninakutaka usimame, uifungue, unywe, na uwaambie wote kama ulikuwa ukijua ubovu wake au hukuwa ukijua. Kama nimekosea nitakiri palepale, na unajua jinsi jambo hilo litakavyoniumiza.

Mpe Effie na watoto salamu zangu nyingi. Bethag anakuita Baba tayari na anataka ushone suruali ya harusi mapema, si asubuhi yake. Mzee Gilbert anakusalimu. Amesema atakaa kiti kinachofuata chako, na kwamba glasi yako ataimimina yeye.

Ulisema nimesoma kila kitu isipokuwa uso wa mtu. Basi simama siku hiyo, nikusome.

Mwanao akupendaye,

Coll McCuaig