Kosa la Kumlisha Biskuti

Jumamosi, 10 Februari 2007

Leo nimepewa nguruwe. Naandika tena, nisije nikadhani kesho kwamba niliota: nguruwe.

Binti yangu Lorine alifika kutoka Nairobi na katoni iliyotobolewa matundu. Nilidhani ni vifaranga. Akasema, "Baba, tangu Mama aende unaongea na redio tu. Sasa ongea na kitu inasikia." Akafungua. Kiumbe cha rangi ya waridi, baka jeusi mgongoni, kidogo kuliko kiatu changu cha kanisani. Kikapiga chafya.

Nikasema asante. Wamisionari walitufunza kushukuru kwanza na kuuliza baadaye.

Amemnunua kwa Bi. Kavutha, anayewafuga upande wa Isinya na kuwauzia watu wa mjini wawaweke sebuleni kama paka. Ati ni aina isiyokua. Lorine alionyeshwa wazazi wake, hawakumfika gotini. Sharti ni moja tu: kikombe kimoja cha pumba kwa siku. Kikombe chenyewe kimeletwa, cha plastiki, cha buluu. Ukizidisha, umemharibu.

Mjukuu wangu Whitney amekwisha kumpa jina kwa simu: Biskuti. Sina mamlaka ya kupinga.

Jumapili, 11 Februari

Jirani yangu wa ng'ambo ya seng'enge, Bwana Kasaine, amemwona. Alisimama kitambo, rungu kwapani, mbuzi wake nao wamesimama nyuma yake.

"Sopa, Mwalimu," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa."

"Hiyo ni nini?"

Nikamweleza kwa utaratibu. Akacheka mpaka akashika waya. Akasema amechunga ng'ombe, amechunga punda, hata ngamia ya mtu mwaka mmoja, lakini hii ni kiazi iko na miguu. Kisha kwa sauti ya chini, kama anayeulizia mgonjwa: "Na mtakula lini?"

"Hatutamla, Bwana Kasaine."

"Ai! Hukamui, huli, hata haiwezi kubwekea mwizi. Sasa iko na kazi gani?"

Nimemwomba aniwie radhi. Nitamjibu nikipata jibu.

Jumatano, 28 Februari

Tatizo ni chakula cha jioni.

Biskuti huketi — ndiyo, huketi, kama mwanafunzi — kando ya kiti cha marehemu Mama Lorine, akinitazama nikila. Hapigi kelele. Angepiga kelele ningevumilia. Nafumba macho kuombea chakula. Nikiyafumbua, yuko palepale.

Kwetu Wabukusu mtu hali huku mgeni anatazama. Marehemu baba yangu aliwahi kumega ugali wake akampa mtu aliyekuja kumshtaki. Nami, mzee wa miaka sabini na mmoja, natafuna mbele ya mwenye njaa kwa ajili ya kikombe cha plastiki!

Leo nimempa ukoko wa sufuria. Kidogo sana. Mungu anisamehe, na Bi. Kavutha pia.

Jumatatu ya Pasaka, 9 Aprili

Mvua. Udongo mweusi wa Noonkopir umenivua kiatu kimoja getini kwangu.

Ukoko ulikuwa mwanzo. Yakafuata maganda ya viazi. Likafuata tonge kamili. Jana, kwa heshima ya sikukuu, chapati — mbili. Haenei tena ndani ya katoni. Haenei chini ya kiti. Nikitaka kupita namwambia "samahani," naye ananipisha.

Anazijua hatua zangu. Nikirudi kutoka dukani hunilaki akiguna, kana kwamba nilisafiri mwaka mzima. Nilipofungua mlango leo sikuwasha redio, na sikukumbuka kwamba sikuiwasha.

Lakini nimemharibu. Nilipewa sharti moja tu, nami nimelivunja.

Jumanne, 5 Juni

Amepita goti langu. Lorine alipofika juzi alipiga ukelele mlangoni. "Baba! Umemfanya nini?"

Nikakiri. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Anasema baraza la mji lina kanuni: hakuna nguruwe katika ploti za makazi. Alipokuwa kama paka hakuna aliyemhesabu. Huyu wa sasa, akilalamika jirani mmoja tu, ataondolewa.

Ataondolewa apelekwe wapi? Lorine aliangalia dirishani. Kila mtu anajua nguruwe hupelekwa wapi.

Nimeamua kwenda Isinya kumwomba radhi Bi. Kavutha, na kumwuliza kama yapo marekebisho. Nitampelekea jogoo. Kwetu mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu, hasa akiwa ameiharibu kazi ya mwenzake.

Jumamosi, 9 Juni

Nimerudi nikiwa nimechanganyikiwa. Nijaribu kupanga mambo.

Bi. Kavutha ni mwanamke kijana, mchangamfu, ana buti za mpira na simu mbili. Alinipokea vizuri mno, akiniita Guka, yaani babu. "Karibu, Guka! Na umeniletea jogoo! Mteja hajawahi kuniletea jogoo." Nikatoa hotuba yangu ya radhi, nilikuwa nimeitayarisha tangu Jumanne. Akanishika mkono. "Usijali, Guka. Wazee wote ni hivyo, mnalisha na roho. Niletee tu huyo. Niko na rafiki ana shamba Kiserian, atakaa na wenzake. Nitakupea mwingine, mdogo fresh."

Nikauliza wale wenzake wa Kiserian wana umri gani. Akaanza kutafuta kitu katika simu yake. Nikaelewa — sipendi kumdhania mtu vibaya, lakini nikaelewa: huko hakuna nguruwe anayezeeka.

Hapo akaingia mama mmoja, amebeba kitu ndani ya shuka ya mtoto. Anaitwa Apondi, mama wa Allan, anakaa Rongai, mfanyakazi wa ofisi. Alinunua nguruwe siku ileile aliyonunua Lorine — tumbo lilelile, ndugu wa Biskuti! Akakifunua. Kichwa kikubwa kama cha Biskuti. Chini ya kichwa, ngozi na mbavu.

"Nimepima na kikombe yenu," akamwambia Bi. Kavutha. "Kila siku. Sijawahi ongeza hata kidogo. Sasa anaramba chokaa kwa ukuta. Jana amekula kona ya zulia. Niambie kosa langu ni gani!"

"Pengine ulipima vibaya, Mama."

"Mimi ni mhasibu!"

Nilisimama katikati yao, kofia mkononi. Mimi nimevunja sharti, wangu amekua. Yeye amelitii, wake anakufa. Na sote wawili tumeambiwa kosa ni letu. Hata mwanafunzi wa darasa la tatu angeweza kuona kasoro hapo. Mimi imenichukua njia yote ya kurudi nyumbani.

Kabla ya kuondoka nilimwomba Mama Allan ruhusa ya kusema neno. Nikamwambia: mpe uji. Usipime.

Alhamisi, 14 Juni

Mama Allan amepiga simu. Nguruwe wake anakunywa uji, amesimama kwa miguu yote minne. Nimefurahi hata nikamtangazia Biskuti.

Lakini ana ombi. Amewaona maafisa wa mifugo, na Chifu ameitisha mkutano hapa Noonkopir Jumatano, kwa sababu wapo wengi hapa waliouziwa. Anataka nisimame niseme. Bila mimi, Bi. Kavutha atasema tu kwamba Mama Allan hakujua kulisha.

Nikisema, nitaulizwa: na wako yuko wapi? Sijui kusema uongo, nimechelewa kujifunza. Nikinyamaza, Biskuti anabaki kwangu, na wengine wanaendelea kuramba kuta.

Nimemweleza Bwana Kasaine kupitia seng'enge.

"Ukinyamaza, unakaa na yako. Ukisema, inaenda," akasema. "Mwalimu, hiyo si hesabu ngumu."

"Ndiyo. Kwa hiyo niseme ama ninyamaze?"

Aliwafuata mbuzi wake. Alipokwisha kupiga hatua kadhaa akageuka. "Ile ya Rongai, umesema inasimama sasa?"

Jumatano, 20 Juni

Yamekwisha — au yameanza.

Watu walijaa, na upepo wa Juni uliingia chini ya mabati ukatupiga vifundoni. Wengi walikuja kucheka. Mama mmoja muuza mboga alisimama akasema, "Nguruwe ilale kwa sofa, na watoto wangu wanalala kwa mkeka! Basi na mimi nipetiwe!" Kijana mmoja akadakia kutoka mlangoni, "Nyinyi mnawapeti, sisi tunawakaanga!" Mhubiri mmoja alianza habari za mapepo yaliyoingia katika kundi la nguruwe. Chifu akamwomba afupishe.

Bi. Kavutha alizungumza vizuri, lazima nikiri. Mbwa anaruhusiwa ndani ya nyumba, kwa nini si nguruwe aliye na akili kumshinda? Ameajiri vijana. Hata yeye aliwanunua wa kwanza kwa mtu aliyemwapia hawakui. Nilimwamini. Nadhani hapo ndipo nilipomhurumia.

Afisa wa mifugo, kijana mpole kutoka Kajiado, aliuliza swali moja: wale wazazi unaowaonyesha wateja wana umri gani? Bi. Kavutha akatoa simu yake ya pili. Akaulizwa tena. "Miezi saba, hivi." Afisa akatueleza kwamba nguruwe huweza kuzaa akiwa bado mtoto mwenyewe. Tulionyeshwa watoto, tukaambiwa ni wazazi. Ukumbi ukaguna.

Hapo Bi. Kavutha akaninyooshea kidole. "Muulizeni yule Guka pale! Alikuja kwangu na jogoo kuomba msamaha. Na mdomo yake alisema amemharibu. Mtu hana kosa analeta jogoo?"

Watu wote wakanigeukia. Sijawahi kumpinga mwanamke hadharani, wala mtu mwingine yeyote. Nikasimama. Nikawaomba radhi kwa kuwachelewesha. Kisha nikasema:

"Ni kweli nilipeleka jogoo, na sitaki arudishwe. Niliomba radhi kwa sababu nilimlisha mwenye njaa. Tangu siku hiyo nimetafuta kosa lenyewe, sijaliona. Mama huyu alitii, na wake alikuwa akifa. Kama mnyama hubaki mdogo kwa njaa tu, basi si mdogo. Ana njaa."

Nikaketi. Yule mama wa mboga akasema, polepole, "Mzee amesema."

Chifu ameagiza uuzaji usimame mpaka uchunguzi ukamilike. Kisha karani wa baraza la mji akauliza, kwa adabu kabisa: "Na wako, Mzee, yuko wapi?"

"Yuko kwangu. Ploti ya pili baada ya kinu cha posho."

Ameandika. Nimepewa hadi mwisho wa mwezi kumwondoa.

Wakati wa kutoka nilimpa Bi. Kavutha mkono. Alisita, akaupokea. "Umenimaliza, Guka," akasema. Nikamwambia bado ana uwanja, ana banda, na anajua wanyama. Afuge wakue, awauze kwa jina lao. Hakuuvuta mkono wake.

Alhamisi, 21 Juni

Biskuti amekula vizuri. Mimi sikuweza.

Lorine amepiga simu kwa marafiki wote wenye mashamba. Wote wana swali lilelile alilouliza Bwana Kasaine siku ya kwanza: ataliwa lini?

Ijumaa, 22 Juni

Jambo la ajabu! Bwana Kasaine amebisha hodi mlangoni. Miaka yote hii tumeongea kwenye waya tu. Aliketi, akanywa chai, akazungumza kuhusu majani, kuhusu bei ya mbuzi, kuhusu mgongo wake. Biskuti akaja akamlalia mguu. Hakuusogeza.

Mwishowe akasema boma lake kubwa liko nje ya mpaka wa mji, huko uwandani. Karani hafiki kule. "Lakini mimi ni wa kuchunga tu. Boma ni ya mke wangu, Mama Resian. Nimeuliza kwa simu."

"Amesemaje?"

"Amekataa." Akamalizia chai. "Mara mbili. Jumapili nitamleta aone."

Nikamwuliza wazee wenzake watasemaje wakimwona mtu wa heshima na nguruwe. Akavuta shuka begani. "Watacheka. Mimi pia nilicheka, si ulinisikia?"

Jumapili, 24 Juni

Nimeoga mara mbili. Biskuti nimemwogesha mara tatu. Mama Allan amepiga simu asubuhi: wake amepanda sofa kwa nguvu zake mwenyewe, na sofa imevunjika. Alikuwa akicheka.

Wamefika baada ya ibada. Mkewe Bwana Kasaine, Bi. Soila, ni mrefu, hana haraka, na shanga zake zinalia kila akigeuka.

"Takwenya, Mama Resian," nikamwamkia.

"Iko," akaitikia kwa Kimaasai. Hakunitazama mimi. "Ndio hii?"

"Ndiye."

"Kasaine, ulisema ni ndogo."

"Nilisema ni mzuri."

"Ulisema ni ndogo."

Bwana Kasaine akaanza kuchunguza mawingu. Bi. Soila akahesabu sababu zake kwa vidole: mbuzi zitakimbia. Wamama wa kule watamtungia wimbo. Wajukuu wataleta nyumbani kila kitu wanaona. Kila sababu ilikuwa ya haki. Nilikubali kila moja. Nikaomba ruhusa niingie kupika chai, maana sikutaka wanione uso.

Naandika haya mezani, karibu na dirisha. Chai inachemka. Naomba radhi kwa kutazama watu bila wao kujua.

Ameokota kijiti. Anamzunguka Biskuti kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni. Sasa anamgusa mbavuni. Sasa anamkuna tumbo, kidogo tu —

Biskuti ameanguka! Chali, miguu juu, pu!

"Mwalimu! Mwalimu, nimeua mnyama yako!"

Bwana Kasaine amekimbia, amejikwaa. Nami nimesimama, kalamu mkononi, nimetaka kupiga kelele kwamba hufanya hivyo akifurahi tu. Lakini Biskuti amefungua jicho moja. Ameinua mguu wa mbele, polepole, ili Bi. Soila apate nafasi ya kukuna chini ya kwapa.

Bi. Soila ametazama kushoto. Ametazama kulia, kwenye barabara. Ameinama, shanga zikalia. Ameanza tena.

Bwana Kasaine amemwuliza jambo kwa Kimaasai. Mkewe amemwinulia mkono anyamaze, bila kugeuka.

Hajasema ndiyo. Ametupa kijiti, sasa anatumia vidole.

Chai imeiva. Inapoa. Adabu inanitaka nitoke nikawakaribishe wageni wangu. Sitoki.